Familia Iliyohama Ipewe Mwaka wa Ugeni

Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali yote itakuwa imehamia Dodoma ifikapo mwaka 2020, mjadala uliozuka ulikuwa wa majengo. Wizara zitakaa wapi, viwanja vimebaki vingapi, maji yatatosha au hayatatosha, watumishi watalala wapi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangulia mwaka huohuo, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, akafuata Desemba 2017, na mji uliokuwa ukisubiri tangu uamuzi wa chama cha TANU wa mwaka 1973 wa kuufanya makao makuu ukapewa hadhi ya jiji Aprili 2018. Maswali ya majengo yamejibiwa kwa kiasi kikubwa. Anayebisha apite Mji wa Serikali wa Mtumba akaone mwenyewe. Swali lililokosa wa kulisimamia ni la watu wa nyumba moja: baba, mama, watoto, na mara nyingi bibi au mdogo wa mtu, ambao kwa barua moja ya uhamisho wanatakiwa kuanza upya kazini, shuleni na kanisani kwa mpigo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu takriban 411,000 katika Dodoma Mjini. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Wengine wamezaliwa hapohapo, wengine ni wanafunzi, mafundi na wafanyabiashara ambao hakuna serikali iliyowahamisha. Hata hivyo, mji ukikaribia kukua maradufu katika miaka kumi, maana yake ni kwamba nyumba nyingi mno zina watu ambao bado wanauliza zahanati iko upande gani.

Hoja yangu ni fupi. Familia iliyohama inastahili mwaka mzima wa ugeni, ambao ndani yake haitwishwi uongozi wowote kanisani wala kwenye kamati ya shule, na ambao mwajiri ameuanza kwa kupanga tarehe ya kuripoti huku akiangalia kalenda ya watoto. Naiandikia Dodoma kwa sababu hapo jambo lenyewe linaonekana kwa wingi, lakini mwalimu anayetoka Kigoma kwenda Lindi, au muuguzi anayepelekwa kituo kipya cha afya wilayani, atalitambua.

Ugumu wenyewe unaanzia kwenye kalenda tatu zisizojuana. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi, na kwa kuwa uhamisho unaogharimiwa na serikali ni suala la bajeti, miezi inayofuata fedha kutoka ndiyo barua hutoka kwa wingi. Mwaka wa masomo unaanza Januari. Kwa hiyo mtumishi aliyeambiwa aripoti Agosti anamchomoa mtoto katikati ya muhula wa pili, vitabu vikiwa nusu, rafiki wa dawati moja akiachwa bila kuagwa vizuri. Kama mtoto huyo yuko darasa la saba au kidato cha nne, haondoki kabisa, kwa sababu Baraza la Mitihani lilishamsajili kwenye kituo chake tangu mapema, na hapo familia inagawanyika: wengine mbele, mtahiniwa anabaki kwa shangazi. Kanisa nalo lina hesabu yake. Ahadi za mwaka zinaandikwa Januari, bahasha zina namba, mafundisho ya kipaimara kwa Walutheri huchukua kwa kawaida miaka miwili, na uchaguzi wa viongozi unakuja kwa mzunguko wake bila kuuliza nani kafika lini. Hakuna mtu mbaya aliyezipanga kalenda hizi zigongane. Lakini zinapogongana, zinagongania sebuleni kwa mtu.

Tuanze na kazi, ambayo ndiyo watu huiona haraka. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinamtambua mtumishi anayehamishwa kama mtu mwenye familia: zina posho ya kujikimu, posho ya usumbufu, nauli na gharama za kusafirisha mizigo. Hilo ni jema, na pale linapolipwa kwa wakati linasaidia sana. Ila posho ya kujikimu huhesabiwa kwa siku, wakati maisha yenyewe yanatulia kwa miezi. Tena kanuni hiyo inamlipa anayehamishwa. Haijui nini kinampata mwenzake. Nyumba nyingi za mjini leo zinaishi kwa vipato viwili, na barua inagusa kimoja tu. Mke akiwa mwalimu wa serikali ataomba uhamisho wa kumfuata mwenza, jambo linalotambulika rasmi lakini lisilokuja kwa wiki moja. Akiwa anafundisha shule binafsi, anaacha kazi. Akiwa na duka la vitenge Mbagala, Dar es Salaam, anaacha wateja waliomchukua miaka kumi kuwapata, pamoja na kikoba ambacho ndicho kilikuwa benki yake. Na tusisahau kwamba mara nyingi anayehamishwa ni mke, na mume ndiye anayebaki akijieleza kwa wenzake kijiweni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, kwa sababu watunga sheria walikubali kwamba nyumba iliyopata mtu mpya haiwezi kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kuhama kunabadilisha nyumba kwa kiwango kinachokaribia hicho, na bado tunakuhesabu kama safari.

Kuna watakaosema treni imemaliza tatizo. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inakwenda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa zisizofika nne, safari ambayo kwa basi ilikula siku nzima ya mchana. Ni kweli kwamba imefanya mambo kuwa mepesi. Kilichokuwa kishindo cha kuhama, kwa baadhi ya familia sasa kimekuwa ratiba: baba anashuka Ijumaa usiku, anapanda Jumapili jioni au Jumatatu alfajiri. Lakini hebu tuangalie wikiendi hiyo ina nini ndani yake. Jumamosi asubuhi ni jumuiya, mchana kuna kikao cha harusi ya ndugu, Jumapili ni ibada na baada ya ibada ni kikao kingine. Baba aliyesafiri kilomita zaidi ya 400 kuja kuwaona wanawe anawaona wakiwa wamelala. Treni imepunguza umbali wa barabara, na kwa kufanya hivyo imewawezesha wengi kuahirisha uamuzi wa kuhama pamoja, mwaka hadi mwaka, bila kukubali kwamba tayari ni familia mbili zenye jina moja.

Shuleni mambo ni magumu kuliko yanavyosemwa kwenye vikao vya wazazi. Elimu bila ada iliyoanza 2016 imerahisisha kumwandikisha mtoto shule ya msingi ya serikali popote nchini, na hilo ni jambo la kujivunia. Ugumu uko kwenye lugha na mazoea. Shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili. Zile tunazoziita za mchepuo wa Kiingereza, zinafundisha kwa Kiingereza. Mzazi aliyekuwa akimudu ada ya shule binafsi kwa vipato viwili, akifika Dodoma na kipato kimoja, anamhamishia mtoto wa darasa la tano kwenye shule ya serikali, na mtoto aliyekuwa akijua desimali na sehemu kwa majina ya Kiingereza anaonekana mzito wa hesabu. Wa upande wa pili, anayeingizwa kwenye mchepuo wa Kiingereza kwa sababu shule hiyo ndiyo iliyo karibu na nyumba ya kupanga, ananyamaza darasani muhula mzima. Walimu wazuri wanajua kwamba mtoto wa aina hii anahitaji mtu wa kukaa naye jioni, daftari likiwa mezani, kwa miezi. Mtu huyo anapaswa kuwa mzazi. Twisheni inasaidia, lakini mwalimu wa twisheni hajui kwamba mtoto huyu alikuwa wa tatu darasani kule alikotoka, wala kwamba ameacha kula chakula cha mchana kwa sababu hana wa kukaa naye.

Sasa nifike kwenye kanisa, ambako naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa ndiko hoja yangu ilipo hasa. Dodoma si mahali ambapo Ukristo umefika juzi. Waanglikana wana Dayosisi ya Central Tanganyika tangu 1927. Wakatoliki walipandishwa kuwa jimbo kuu mwaka 2014. Walutheri, Wapentekoste na Wasabato wako kila mtaa. Ila mitaa iliyojaa wahamiaji, kama Ilazo, Kisasa, Nzuguni na Iyumbu, inakua haraka kuliko makanisa yake. Kuna jengo la kumalizia, kuna kiwanja cha kulipia, kuna kwaya inayohitaji sauti ya nne, na kuna jumuiya ambazo zimegawanywa mara mbili kwa sababu sebule za watu hazitoshi tena. Kanisa la namna hii lina njaa ya watu wenye uwezo. Siku familia mpya inaposimama kujitambulisha, na baba akasema yeye ni mhasibu wa wizara fulani, na mama akasema ni mwalimu, kuna wazee pale mbele wanaotazamana. Kabla ya miezi mitatu kwisha, mhasibu ni mhazini wa jumuiya na mwalimu anashika Shule ya Jumapili.

Sababu ya wageni kuchaguliwa upesi haisemwi sana. Wana elimu, ndiyo, lakini wana sifa nyingine kubwa zaidi: hawajagombana na mtu. Mahali ambapo katibu wa zamani na mhazini wa zamani hawasalimiani, mgeni anakubalika na pande zote kwa kuwa hakuna anayemjua. Anakabidhiwa daftari la michango lenye mapengo ambayo hakuyafanya, na ugomvi asioujua chanzo chake. Naye hawezi kukataa, kwa sababu tumefundishwa tangu utotoni kwamba kazi ya Mungu haikataliwi, na kwa sababu nyingine ya kidunia zaidi. Tangu maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, walipoamua miaka ya 1970 kuzifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa maisha ya parokia, jumuiya imekuwa mlango ambao kila kitu kinapitia, na makanisa mengine yana utaratibu unaofanana. Mtoto akifikia komunyo ya kwanza, binti akitaka kufunga ndoa, msiba ukitokea, swali la ofisini kwa paroko ni jumuiya gani, na kama mwenyekiti anawatambua. Familia iliyoacha nyuma ukoo mzima, ambayo ikipatwa na msiba usiku haina wa kumgongea mlango, inajua hivyo vizuri sana. Kukataa uhazini mwezi wa tatu kunaonekana kama kujitenga, na kujitenga ugenini kunatisha.

Matokeo yake yanaonekana kwenye saa za siku. Tafiti za Ofisi ya Taifa ya Takwimu kuhusu matumizi ya muda zimeonyesha jambo ambalo kila mwanamke analijua bila takwimu, kwamba kazi za nyumbani zisizolipwa zinamwangukia yeye kuliko mume. Kuhama kunaziongeza: soko jipya, dada wa kazi mpya au hakuna kabisa, mtoto anayeugua kwa vumbi na baridi ya Juni aliyokuwa haijui Dar es Salaam. Juu ya hapo anawekewa kikao cha akina mama Alhamisi, mazoezi ya kwaya Jumatano na Ijumaa, jumuiya Jumamosi. Baba ana kikao cha ujenzi baada ya ibada, na shuleni amechaguliwa kwenye kamati kwa sababu ileile ya uhasibu. Mtoto wa kwanza, hasa akiwa wa kike, ndiye anayeziba pengo. Anapika, anawaogesha wadogo zake, anawasaidia masomo kwa lugha ambayo na yeye anaihangaikia. Mwisho wa mwaka matokeo yanashuka, na kikao cha familia kinakaa kumuuliza amepatwa na nini.

Ninachopendekeza hakimwondoi mtu kanisani. Kushiriki na kuongoza ni mambo mawili. Katika mwaka wa ugeni familia iende ibadani, ikae kwenye jumuiya kila inapoweza, itoe sadaka kwa kadiri ilivyojaliwa, itembelewe. Isipewe daftari, isipewe funguo, isipangiwe kiwango cha mchango wa ujenzi kwa kuangalia cheo cha baba. Kwa upande wa shule, mwalimu mkuu amwache mzazi mgeni apite mwaka kabla ya kumpendekeza kwenye kamati, na badala yake amwite mara moja kwa muhula kuzungumza kuhusu mtoto wake. Kwa upande wa mwajiri, ombi ni la tarehe tu. Barua inaweza kuandikwa Julai na fedha zikatengwa Julai, na tarehe ya kuripoti ikawa mwishoni mwa Desemba au Januari, baada ya shule kufungwa. Januari bado iko ndani ya mwaka uleule wa fedha, kwa hiyo hakuna kifungu cha bajeti kinachovunjika. Nafasi za dharura zipo, na daktari wa upasuaji hasubiri likizo ya watoto. Lakini uhamisho mwingi ni wa kujaza ikama, na ikama iliyokaa wazi mwaka mzima inaweza kuvumilia miezi michache zaidi.

Pingamizi la kwanza linatoka kwenye methali zetu wenyewe: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wazee waliosema hivyo walijua kwamba mtu hawi mwenyeji kwa kuketi akitazama. Anakuwa mwenyeji kwa kufanya kazi na wenyeji. Kwaya, wanasema, ndiyo njia ya haraka ya kupata marafiki, na mama aliyehamia mji asioujua ataumia zaidi akiachwa peke yake kwa jina la mapumziko. Naliheshimu pingamizi hili, na nusu yake naikubali kabisa: anayependa kuimba na aimbe. Lakini jembe la methali lilikuwa la kulima pamoja na wenye shamba, kwenye mstari mmoja, na jua likizama kila mtu anarudi nyumbani. Uhazini ni kitu kingine. Unamtenga mgeni na wenzake badala ya kumuunganisha nao, kwa sababu yeye ndiye anayedai michango, na wa kwanza kumfahamu mtaani wanamfahamu kama mdai. Kama lengo ni kumfanya mwenyeji, cheo ni njia mbaya. Afadhali abebe ndoo za maji siku ya msiba wa jirani. Hapo atajulikana kwa jina kabla ya kujulikana kwa wadhifa.

Pingamizi la pili ni la imani, na linasemwa kwa ukali zaidi. Huduma haipangiwi likizo, wanasema, na anayesubiri mambo yake yatulie ndipo amtumikie Mungu hatamtumikia kamwe. Jibu liko kwenye Biblia ileile inayotumika kudai. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inamtaka mwanamume aliyeoa karibuni asiende vitani wala asitwikwe shughuli nyingine kwa mwaka mmoja, akae nyumbani kwake. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya taifa lililokuwa na maadui halisi mpakani, na bado lilikubali kumkosa askari ili nyumba moja isimame. Kitabu cha Kutoka kinaeleza jinsi Yethro alivyomwonya mkwewe Musa kwamba kubeba kila kitu peke yake kungemchosha yeye pamoja na watu wake. Na waraka wa kwanza kwa Timotheo unaweka usimamizi mzuri wa nyumba ya mtu kama sharti linalotangulia usimamizi wa kanisa. Sidai kwamba maandiko haya yaliandikwa kwa ajili ya watumishi wa Dodoma. Nadai kwamba mchungaji au padri akitaka kumpa mgeni mwaka wa kutulia, ana pa kusimamia, na anayemlaumu ndiye atakayepata kazi ya kujitetea.

Pingamizi la tatu ndilo linalonipa taabu zaidi, kwa kuwa ni la hesabu. Katika usharika wa mtaa mpya, karibu kila mtu ni mgeni. Wote wakipewa mwaka, nani atafungua kanisa? Hapa lazima nikubali kwamba mwaka mzima hautawezekana kila mahali kwa kipimo kilekile. Ila swali hilo linafichua jambo jingine: tumejijengea vyeo vingi kuliko watu. Jumuiya ya kaya ishirini ina mwenyekiti, makamu, katibu, makamu wake, mhazini, kiongozi wa liturujia, wa vijana, wa watoto, wa huruma, wa ujenzi, na pamoja nao wajumbe kwenye vyama vya kitume ambavyo navyo vina viongozi wao. Ukizihesabu nafasi hizo utakuta zinakaribia idadi ya watu wazima wanaohudhuria. Usharika mchanga hauhitaji safu iliyonakiliwa kutoka parokia ya miaka themanini. Watu wanne wenye nafasi wanaweza kuendesha jumuiya mwaka wa kwanza, na wastaafu, ambao Dodoma haikosi, wana saa ambazo mama wa watoto watatu hana. Vikao navyo vinaweza kupungua. Sijawahi kuona sababu ya kiroho ya kikao cha saa tatu.

Wapo pia watakaosema haya ni malalamiko ya wenye ajira. Familia ya mkulima aliyehamia mjini kutafuta kibarua haina posho ya usumbufu wala mtoto wa mchepuo wa Kiingereza. Ni kweli, na kwa sababu hiyo mwaka wa ugeni unawahusu wao zaidi. Fundi ujenzi aliyekuja Dodoma na mkewe kufuata kazi za majengo hayohayo ya serikali analipwa kwa siku anayofanya kazi. Kila kikao anachokaa ni ujira aliouacha, na kila mchango uliopangwa kwa usawa unampiga kuliko unavyompiga mhasibu. Tofauti ni kwamba yeye hachaguliwi kuwa mhazini, anasahaulika. Hakuna anayemuuliza mwanawe anasoma wapi. Utaratibu wa ugeni ulioandikwa, unaomtaka kiongozi kuitembelea kila familia mpya na kuuliza habari za kazi, shule na afya kabla ya kuuliza habari za bahasha, ungemfikia huyu ambaye hisani ya kawaida haimfikii.

Wengine wanauliza kwa nini familia yenyewe isijifunze kusema hapana. Isingekuwa vigumu kama hapana ingekuwa na bei moja kwa mwenyeji na kwa mgeni. Mwenyeji akikataa uenyekiti, ana kaka zake watatu mtaani na kaburi la babu yake kwenye uwanja wa kanisa. Hakuna atakayemwambia hatambuliki. Mgeni hana hata kimoja. Ndiyo maana utaratibu unapaswa kutoka kwa wanaopokea. Inatosha mkutano mkuu wa jumuiya au baraza la wazee liamue, na liandike kwenye muhtasari, kwamba jina la aliyefika chini ya miezi kumi na miwili halipendekezwi kwenye nafasi yoyote isipokuwa aombe mwenyewe. Azimio la mstari mmoja namna hiyo linamwokoa mgeni na aibu ya kukataa, na linawaokoa wenyeji na jaribu la kumtupia matatizo yao.

Mabaraza na jumuiya nyingi hukaa kabla ya mwaka kwisha kupanga bajeti, ahadi na safu za viongozi wa mwaka unaofuata. Naomba viongozi watakaokaa kwenye vikao hivyo waliweke azimio hilo kwenye ajenda, na maofisa utumishi wanaoandaa barua za uhamisho waangalie tarehe za kufunga shule kabla ya kujaza sehemu ya kuripoti. Na wewe mzazi uliyefika juzi, ukiombwa ushike daftari kabla mwanao hajapata rafiki wa kukaa naye dawati moja, waambie wazee kwa heshima kwamba utalishika mwakani.